Hapa Wapo Wenyewe?

Julai 2017 nilirudi nyumbani moja kwa moja, baada ya kufundisha Urambo, mkoani Tabora, kwa miaka 24. Nilishuka kwenye daladala Kibada, upande wa Kigamboni jijini Dar es Salaam, nikiwa na mabegi mawili na dumu la asali, na kijana wa bodaboda akaniwahi. "Shikamoo mzee. Twende wapi?" Nikamwambia anipeleke Mkwajuni. Akasita. Akamuuliza mwenzake, mwenzake akamuuliza wa tatu, na wote watatu hawakupajua. Nikaanza kuwaelekeza: unafuata njia ya kisima, unauacha msikiti mkono wa kushoto, unatokea kwenye mkwaju mkubwa. Mmoja akapiga kofi. "Aah, kumbe anasema kule kwenye sheli! Mkwaju ulishakatwa, mzee." Halafu yule wa kwanza, kwa upole kabisa, huku akilifunga dumu langu kwa mpira, akaniuliza: "Mzee ni mgeni huku?"

Nikamjibu ndiyo.

Kitovu changu kimezikwa hatua zisizofika 300 kutoka pale ulipokuwa mkwaju. Baba yangu amelala huko, na babu yangu, na dada zangu wawili waliofariki wadogo. Sijui kwa nini nilimkubalia. Huenda nilichoka na safari ya treni, nikaona kueleza yote hayo ni kazi kubwa kuliko nauli ya bodaboda. Lakini usiku ule sikulala. Mama alinisikia nikigeukageuka, akaniuliza kupitia ukutani kama ni mbu. Nikamwambia ni mbu.

Tangu wakati huo nimezungumza na watu wengi wenye donge kama langu: wa Mbweni, wa Kunduchi, wa Mbagala, wa Chanika. Wengi wakilitoa donge hilo hulitoa kwa hasira, wakiwasema watu wa kuja, wabara hawa, wametumaliza. Mimi siwezi kusema hivyo. Nimelishwa na wabara miaka 24. Watoto wangu wote wamezaliwa huko, na mkunga wa kwanza aliyempokea mwanangu alikuwa Mnyamwezi. Lakini pia siwezi kujifanya haliniumi, kwa sababu linaniuma.

Nilipoondoka mwaka 1993, njia ya karibu ya kwenda mjini ilikuwa moja tu, pantoni. Mama alikuwa akiamka saa kumi usiku, anapanda gari la muhogo hadi Feri, anavuka na tenga lake la visamvu na nazi, na akichelewa pantoni la jioni analala kwa shangazi Temeke. Watu wa mjini walituita watu wa ng'ambo, na kweli tulikuwa ng'ambo. Mashamba hayakuwa na uzio. Mpaka ulikuwa mkorosho wa fulani, mnazi wa fulani, mstari wa mibono. Ukitaka kufika mahali unapita katikati ya shamba la mtu, na ukimkuta unamsalimu, unaulizwa habari za nyumbani, na ukiwa na haraka bado utaulizwa.

Mabadiliko niliyaona kwa vipande, kila likizo ya Desemba, kama mtu anayemwona mtoto wa ndugu mara moja kwa mwaka. Mwaka 2002 serikali ilianza mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam, na Kibada, Kisota na Gezaulole vikawemo. Wapima ardhi wakaja, mawe ya mipaka yakasimikwa katikati ya mikorosho. Walioguswa walilipwa fidia. Sisi ambao hatukuguswa tukaanza kutembelewa na madalali. Mwaka 2008 ukatangazwa mpango wa kuijenga Kigamboni kuwa mji mpya, na kwa miaka kadhaa watu wakaishi na maneno: tutahamishwa, hatutahamishwa, usijenge, jenga haraka. Halafu Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Kigamboni, mita 680 kutoka Kurasini hadi Vijibweni, na ng'ambo ikawa si ng'ambo tena. Likizo ya mwaka ule nilihesabu mageti mapya kuanzia barabarani hadi kwa mama. Nilifika 31 nikaacha.

Mtu atasema: mwalimu, wewe ulikuwa mbali, ndiyo maana umepotea. Mdogo wangu wa kike hajawahi kulala nje ya Kigamboni hata mwezi mmoja, na yeye ndiye anayelalamika kuliko mimi.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wengi hawapendi kulisema. Tuliuza wenyewe.

Desemba 2011 nilikuwa likizo. Tulikaa barazani mama, mjomba, mdogo wangu na mimi, pamoja na dalali na mnunuzi, mtu mstaarabu kabisa aliyekuja na sukari kilo tano na majani ya chai. Shamba lilikuwa ekari moja, hatua 70 kwa 70, zilizopimwa na mjomba kwa miguu yake. Karatasi ya mauziano niliiandika mimi, kwa sababu mimi ndiye mwalimu. Ninayo nakala hadi leo. Imeandikwa kwa mkono wangu: shamba lina minazi 14, mikorosho 6 na miembe 2, kaskazini limepakana na fulani, kusini na fulani, mashariki na barabara ya mtaa. Kila mti uliandikwa na kulipiwa. Katikati ya shamba hilo ilipita njia ya kwenda makaburini kwetu, njia nyembamba iliyoliwa na miguu mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Sikuiandika. Haikunijia hata kichwani kuiandika. Nani huandika kwamba hapa kuna hewa? Fungu langu lililipa ada ya mwanangu na mabati ya nyumba ya mama, na nikarudi Urambo nikiwa na furaha.

Ukuta ulijengwa mwaka 2014. Tofali za inchi sita, juu yake vipande vya chupa, na geti jekundu upande wa barabara. Mama alikuwa na desturi ya kwenda kila Ijumaa asubuhi kufagia kaburi la baba, mwendo wa dakika tatu. Baada ya ukuta ikawa ni kuzunguka hadi lami, kupita kwenye sheli, kuingia kichochoro cha nyuma ya baa, na kurudi. Dakika 25 kwa miguu mizima, na miguu ya mama haikuwa mizima. Akaanza kwenda mara moja kwa mwezi, halafu kabla ya Ramadhani tu, halafu akaacha. Hakumlaumu mtu. Aliweka ufagio wake wa njukuti nyuma ya mlango, na ukakaa hapo.

Niliporudi 2017 nilijiona kama mtu aliyeingia harusini kwa watu wasiomjua. Mikutano ya mtaa inaendeshwa kwa Kiswahili fasaha cha ofisini, watu wanazungumzia ulinzi shirikishi na taa za barabarani, na wazee wetu wamekaa nyuma kimya, mikono juu ya bakora. Mtaa una kundi la WhatsApp ambalo hatukuwemo. Maji yakikatika wao wanajua yatarudi saa ngapi, sisi tunangoja. Watoto wa madrasa walibadilisha njia kwa kuogopa mbwa. Kila kitu kina jina jipya: kwa Mchungaji, kwenye mnara, geti la kijani. Majina yetu yalikuwa ya miti, na miti imekatwa.

Tena ni lazima niwe mkweli. Umeme uliokuwa ukituzunguka miaka yote ulifika kwa mama baada ya majirani hao kuufuatilia. Shuleni kwangu wazazi wanaokagua madaftari ya watoto wao, wanaokuja kuniuliza kwa nini hesabu hii imepigwa kosa, wengi ni wao. Dada wa nyumba ya pili alimkimbiza mama hospitali usiku wa manane kwa gari lake na akakataa hela ya mafuta.

Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu wa darasa la tano, kwenu ni wapi? Nikapata Moshi, Bukoba, Njombe, Musoma, Mbeya. Nikamuuliza wa Moshi amekaa huko muda gani. "Krismasi mbili, mwalimu." Amezaliwa hospitali ya Temeke, anacheza mpira chini ya mwembe wa babu yangu, na kwao ni Moshi. Na Desemba ikifika unaona ukweli wa jambo hilo: magari yanapakiwa, mageti yanafungwa, mtaa unabaki kimya. Desemba ya kwanza nilifurahi mno. Nilitembea katikati ya barabara nikajiona nimerudishiwa kwetu. Kwenye siku ya tatu sukari ikaisha ndani, nikaenda dukani kwa Mangi, nikakuta kufuli. La pili, kufuli. Nilitembea mpaka karibu na Mjimwema kutafuta robo kilo ya sukari, na njiani nikajiuliza hivi nafurahia nini.

Mama ndiye aliyenifungua macho, naye alifanya hivyo bila kukusudia. Nilikuwa nalalamika, kama kawaida yangu jioni, akanikatiza. Akasema watu wa kuja si wapya. Alikuwa msichana mkubwa wakati wa vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970, Gezaulole ilipopokea watu kutoka mjini. Gezaulole ni Kizaramo, maana yake jaribu uone. Walikuja kwenye malori, akasema, na magodoro na kuku, wengine hawajawahi kushika jembe, makabila yote. Wazee wakawakalisha chini ya mwembe. Wakaonyeshwa kisima, wakaambiwa kisima hiki asubuhi ni cha wanawake. Wakaonyeshwa mti usiokatwa. Wakaonyeshwa makaburi, haya ya fulani, haya ya fulani, mkifiwa mtazika upande huu. Mtu akiwa hana mbegu anapewa. Baadhi yao walioa kwetu, na wajukuu wao leo wanawalalamikia watu wa kuja kama unavyolalamika wewe.

Akanyamaza kidogo akichambua mchicha. Kisha akasema: "Hawa wa sasa hatukuwaambia kitu. Tuliwapa karatasi tu."

Nililala na maneno hayo, kwa sababu karatasi niliiandika mimi. Na nikakumbuka nilivyopokelewa mimi Urambo. Mwezi wangu wa kwanza, niko dukani, mzee mmoja akasikia lafudhi yangu, akauliza kabila. Nikasema Mzaramo. Papo hapo akanivua kofia akaivaa yeye. "Hii ni yangu. Nyinyi mliwasumbua babu zetu njiani wakishuka pwani na pembe za ndovu, leo umejileta mwenyewe!" Duka zima likacheka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na wazee wa pande zote mbili husimulia kwamba utani huo ulitokana na misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakipita Uzaramo kwenda Bagamoyo na pwani yetu. Kofia sikurudishiwa. Lakini kuanzia siku ile nilikuwa na mahali pa kukaa. Baba alipofariki mwaka 2004 na mimi niko huko, watani walikuja nyumbani kwangu, wakakaa nami mkekani siku tatu, wakanitukana mpaka nikacheka huku machozi yananitoka. Nilikuwa mgeni, lakini palikuwa na mlango wa kuniingizia, uliochongwa kabla sijazaliwa, na kazi yangu ilikuwa kupita tu. Mtu anayenunua hatua 20 kwa 20 Kigamboni leo, mlango wake uko wapi? Anapewa dalali, anapewa karatasi, anapewa fundi. Asiyejua pa kubisha hodi anajenga ukuta.

Agosti 2022 ikaja sensa. Walimu wengi tuliomba ukarani, nami nikapata, na eneo nililopangiwa likawa kwetu hasa. Kuanzia tarehe 23 nilipita nyumba kwa nyumba na kishikwambi mkononi na kizibao, na kwa mara ya kwanza yale mageti yote yakafunguka. Niliapa kutunza siri za dodoso na sitazitoa hapa. Naweza kusema tu kile kinachojulikana na wote: mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu karibu milioni 2.5 mwaka 2002, ukafika 4,364,541 mwaka 2012, na hesabu yetu ya 2022 ikatoka 5,383,728. Dodoso letu halikuuliza kabila. Mambo mengine nitakayoeleza yalisemwa baada ya kishikwambi kufungwa.

Siku ya pili nilifika kwenye geti jekundu. Dirisha dogo la geti likafunguka, mlinzi akauliza kwa sauti ya kazi, "Unamtaka nani?" Nilipojitambulisha nikasikia Unyamwezi kwenye ulimi wake. Nikamwamkia, "Mwangaluka." Geti lote likafunguka. Ni mtu wa Kaliua, jirani kabisa na nilikokuwa. Nikamwambia mimi ni Mzaramo wa hapo nyuma, na yeye, mtu niliyepita mbele yake miaka mitano bila hata kumpungia mkono, akanishika shati. "Mtani! Kumbe nimekulinda bure miaka yote hii? Lipa!"

Barazani alikaa bibi kizee, mama wa mwenye nyumba. Mwanawe alimchukua kutoka Kilimanjaro baada ya mumewe kufariki, na huu ulikuwa mwaka wake wa nne hapo. Alikuwa amejifunga kanga mbili na sweta juu, katika joto lile. Nilipomaliza maswali na kukifunga kishikwambi, akaniuliza na mimi swali.

"Na wewe baba, umetokea mkoa gani kuja huku?"

"Mimi ni wa hapa hapa, bibi."

"Hapa hapa Dar?"

"Hapa Mkwajuni. Nyumba yetu ni ile yenye mwembe."

Akanitazama muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa jambo la ajabu. Akasema: "Hapa wapo wenyewe?"

Sikukasirika. Nimejaribu kueleza kwa watu kwa nini sikukasirika na huwa nashindwa. Nadhani ni kwa sababu aliuliza kwa shauku, kama mtu aliyekaa muda mrefu kwenye kituo cha basi akiwa peke yake, kisha akasikia hatua. Miaka minne, akaniambia, anaamka, anakaa pale barazani, anatazama ukuta. Kwao ukikaa kibarazani unaona migomba ya jirani, unasikia anayefokea ng'ombe, unajua nani anaumwa. Hapa alikuwa anasikia adhana na hajui msikiti uko upande gani. Halafu akaniuliza swali ambalo mtu wa kwao tu ndiye angeliuliza, kwa sababu wao huwazika watu wao kihambani, karibu na nyumba. "Makaburi yenu yako wapi?"

Nikamnyooshea kidole ukuta wa nyuma. "Ng'ambo ya huu, bibi. Hatua kama 100."

Alielewa mara moja. Akaweka mkono mdomoni. "Kumbe tumewazibia."

"Tuliuza wenyewe. Hatukusema."

Nilipotoka alimwita binti wa kazi akanipa mkungu mdogo wa ndizi uliotoka kwao na basi. Jioni nikamrudishia sahani ya muhogo wa nazi aliopika mama. Ndivyo ilivyoanza. Mama hakuwa na miguu ya kwenda mbali, naye bibi hakuwa na pa kwenda, lakini geti moja hadi jingine waliweza. Walikuwa wakikaa chini ya mwembe kuanzia saa kumi, mmoja na tasbihi na mwingine na rozari, na sina hakika kama walisikilizana nusu ya waliyoambiana, maana mama alisema haraka kwa lafudhi ya pwani na bibi alikuwa mzito wa kusikia. Kijana wa bibi, mwenye nyumba, nilikutana naye mara mbili tatu tu. Alikuwa na aibu nami, nami nikawa na aibu naye, na ukuta ukabaki palepale.

Mama alifariki mwezi wa Mei 2023, baada ya sala ya alasiri. Kaburi likachimbwa usiku uleule, maziko yakapangwa kesho yake baada ya adhuhuri. Tukiwa tumekaa mikekani, kama saa mbili usiku hivi, ikaanza kusikika nyundo. Ko, ko, ko. Mjomba akakasirika sana. Hawa watu, akasema, hata msiba hawauoni, wanajenga! Vijana wakataka kwenda kugombana. Mimi ndiye niliyewazuia, kwa uchovu, wala si kwa busara yoyote. Nyundo ikaendelea mpaka karibu saa nne, ikakoma.

Asubuhi mlinzi akaja kunivuta kando. Hakunitania. Akaniongoza hadi nyuma ya ukuta, upande wa makaburini, na nikaona tundu. Tofali zilikuwa zimetolewa kuanzia chini mpaka juu, upana wa watu wawili wanaotembea sambamba, na vipande vya chupa vimefagiliwa na kurundikwa pembeni. Mwenye nyumba alikuwa amesimama hapo na suruali ya kazini yenye vumbi jeupe magotini. Akasema tu, "Pole mwalimu. Bibi amesema mama hawezi kuzungushwa kwenye sheli."

Baada ya adhuhuri tulilibeba jeneza. Tulipofika kwenye geti jekundu, mlinzi alikuwa amejilaza chini mbele yake, ufagio kifuani, macho kafumba. Mtani. "Hapiti mtu," akasema. "Huyu Mzaramo ananidai mimi? Mimi ndiye ninayemdai! Anakwenda wapi kabla hajalipa?" Wazee wetu, ambao karibu miaka kumi walikuwa wamelipita geti lile wakitazama chini, wakaanza kucheka huku wakilia, wakamrushia mia mbili, mia tano. Akazihesabu zote, akalalamika hazitoshi, akainuka, akafungua geti mabawa mawili.

Tukaingia. Gari lilikuwa limehamishwa, mbwa amefungiwa bandani. Tulipita juu ya kokoto, jeneza likipokezana mabegani, la ilaha illallah, na miguu yangu ikaitambua njia chini ya kokoto kabla macho hayajaitambua: hapa palikuwa na mteremko kidogo, hapa palikuwa na mzizi. Minazi 14 niliyoiandika mwenyewe ilibaki miwili. Bibi alikuwa amesimama barazani, kanga kichwani, ameishika nguzo. Tukatokea tunduni. Kaburi la mama lilikuwa hatua chache mbele, kando ya baba.

Tundu halikuzibwa. Kikawekwa kilango cha chuma kisicho na rangi, bila kufuli, na nilikuwa napita hapo Ijumaa na ule ufagio wa njukuti.

Bibi alimfuata mama mwaka uliofuata. Tulikaa msibani kwao usiku tatu, safari hii nikiwa kwenye kundi la WhatsApp, nimetoa mchango wangu kama wengine. Wakamsafirisha kwenda kumzika kihambani kando ya mumewe. Nilisimama barabarani mpaka gari likaishia kwenye kona, na nilihuzunika kwa namna nisiyoitegemea. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza, bila kumwambia mtu, kwamba upande wa mashariki wa makaburi yetu una nafasi. Kwao ndiko alikotaka, na ni haki yake. Lakini mtaa wetu una mageti zaidi ya mia sasa, na katika hizo nyumba zote sijui hata mmoja aliyezikwa hapa.

Mwezi uliopita mwenye nyumba alihamishiwa kazini Dodoma. Ameipangisha nyumba. Mtani wangu amerudi Kaliua kulima. Ijumaa nilipokwenda na ufagio nikakuta kilango kina kufuli mpya kabisa, bado ina karatasi ya dukani.

Nilizunguka kwenye sheli siku hiyo. Jumamosi asubuhi nikavaa kanzu, nikachuma embe za ule mti wetu, sita zilizoiva vizuri, nikazitia kwenye kikapu, nikaenda geti jekundu. Nikabisha. Mbwa akabweka, mwingine, mkubwa zaidi. Dirisha dogo likafunguka, yakatokea macho ya kijana nisiyemjua.

"Unamtaka nani, mzee?"

"Simtaki mtu. Nimekuja kujitambulisha. Mimi ni wa hapo, penye mwembe."

Akautazama mwembe. Akakitazama kikapu.

"Subiri," akasema, akafunga dirisha, na nikasikia viatu vyake vikienda ndani juu ya kokoto.